SOMO LA KUMI NA MBILI: Wapelelezi wa Mwili na Vyombo Vidogo Vinavyobeba Chanjo

Masomo ya Biblia: Hesabu 13:17-27, Nehemia 4:16-20.

Nia ya somo: Tujue namna mwili unavyomtambua adui, namna chanjo inavyoufundisha, na sababu ya mtoto kurudishwa mpaka amalize chanjo zote.

1. Ulizo la mama mmoja

Siku moja ya kupima watoto, mama mmoja aliniuliza ulizo. Mtoto wake alikuwa na majuma sita, naye alikuwa amekwisha kuchomwa shindano la kwanza la chanjo ya magonjwa matano. Mama akasema, “Munganga, mnataka nimrudishe mara mbili tena kwa dawa ile ile. Kama dawa ni nzuri, kwa nini mara moja haitoshi? Na ndani ya kachupa kadogo hivi mna nini hasa?”

Watu walikuwa wengi na jua lilikuwa kali. Nikamjibu, “Mama, ndiyo sheria. Urudi tu.” Akanyamaza, akamfunga mtoto mgongoni, akaenda zake. Hakurudi.

Mtoto alipopata miezi mitano aliletwa kwetu usiku. Alikuwa na kifaduro. Alikohoa mpaka midomo ikawa ya buluu, wala hakuweza kunyonya. Siku ya sita tulimzika. Mama yake hakunilaumu. Lakini mimi nilijilaumu, maana aliniuliza ulizo la kweli, nami nilimpa amri mahali pa jibu. Sisemi kwamba chanjo tatu zingalimwokoa kwa hakika, kwa sababu hakuna chanjo inayomlinda kila mtoto. Lakini zingalimpa ngao, naye alikwenda vitani na ngao isiyokwisha kutengenezwa.

Somo hili ndilo jibu ambalo ningalipaswa kumpa mama yule. Mlisome polepole, kisha mwafundishe wengine.

2. Wapelelezi kumi na wawili

Katika kitabu cha Hesabu tunasoma kwamba Musa alituma watu kumi na wawili kuipeleleza nchi ya Kanaani. Walitembea siku arobaini. Walipofika bonde la Eshkoli walikata tawi lenye kichala cha zabibu, watu wawili wakalichukua juu ya mti. Waliporudi hawakuleta maneno matupu. Walionyesha matunda mbele ya mkutano wote, na watu wakaona kwa macho yao.

Angalieni mambo matatu. Kwanza, wapelelezi walikwenda mbali, hali mkutano ulibaki kambini. Pili, hawakuibeba nchi nzima. Walileta kipande chake tu. Tatu, kipande kile walikionyesha mahali watu walipokusanyika, ili shauri likatwe.

Mungu ameweka wapelelezi wa namna hii ndani ya mwili wa kila mtu. Ni chembe hai zenye matawi marefu membamba kama mikono mingi. Zimekaa penye milango ya mwili: katika ngozi, puani, mapafuni, na katika matumbo. Mwaka 1868 kijana mmoja Mjerumani aliyekuwa akisomea udaktari, Paul Langerhans, alizitambua zile zinazokaa katika ngozi, lakini alidhani ya kuwa ni sehemu ya mishipa ya fahamu. Miaka zaidi ya mia ikapita. Mwaka 1973 Ralph Steinman na mwalimu wake Zanvil Cohn, huko New York, walieleza habari za chembe zenye matawi, na baadaye Steinman akaonyesha kwamba ndizo zinazoamsha askari wa mwili. Alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2011. Alikuwa amekufa siku tatu tu kabla ya kutangazwa, na waliomchagua hawakuwa na habari ya kifo chake.

3. Jinsi wapelelezi wanavyofanya kazi

Adui akiingia mwilini, kwa mfano mdudu wa kifaduro, mpelelezi humshika kwa matawi yake na kummeza. Ndani yake mna kifuko chenye uchungu kama maji ya ndimu. Humo adui hukatwakatwa vipande vidogo. Vipande vile vinavyomtambulisha adui, wataalamu huviita antijeni. Sisi tuseme ni alama ya adui, kama vile mtu anavyojulikana kwa chale za uso wake.

Baada ya kula, mpelelezi huacha kazi ya kumeza. Anaondoka mahali pake, anafuata mifereji midogo, mpaka anafika katika tezi. Mnazijua tezi: ni zile zinazovimba kwapani mkono ukiwa na kidonda, au kinenani mguu ukiwa na kidonda. Tezi ni kambi ya askari, nayo ni mahali pa mkutano.

Huko mpelelezi anaonyesha alichokipata. Kila kipande cha adui amekiweka juu ya kisahani, na visahani hivyo vimesimama juu ya ngozi ya chembe yake. Askari wanapita mmoja mmoja na kutazama. Askari hao huitwa chembe T. Kila mmoja amezaliwa na ufunguo wake, unaofaa alama moja tu. Katika malaki ya askari huenda ni mmoja tu anayefaa alama hiyo. Wengine wote wanapita bila kusema neno. Yule anayefaa anasimama, anashika, anaamka, kisha anazaa askari wengine wengi wanaofanana naye.

Visahani ni vya namna mbili. Kisahani cha namna ya kwanza huonyesha vitu vilivyotengenezwa ndani ya chembe yenyewe, kama vile virusi vinavyozaana humo. Hicho huwaamsha askari wauaji, ambao huua chembe zilizokwisha kutekwa na adui. Kisahani cha namna ya pili huonyesha vitu vilivyomezwa kutoka nje. Hicho huwaamsha askari wasaidizi. Wasaidizi nao huwapa nguvu chembe B, ambazo ndizo wahunzi wa mwili: zinafua kingamwili, mishale midogo inayomshika adui katika damu. Mwaka 1996 Peter Doherty na Rolf Zinkernagel walipewa tuzo ya Nobel kwa sababu walivumbua huko Australia, katika miaka ya 1970, kwamba askari muuaji haitambui alama ya adui ikiwa peke yake. Ni lazima aione juu ya kisahani cha mwili wenyewe.

4. Tarumbeta

Sasa tumwangalie Nehemia. Wajenzi wa ukuta walikuwa wametawanyika mbali mbali. Kwa hiyo Nehemia aliweka mpiga tarumbeta karibu naye. Mahali popote watakaposikia sauti yake, hapo ndipo wakusanyike kupigana.

Mwili nao unahitaji tarumbeta. Kama mpelelezi akionyesha kipande bila alama yoyote ya hatari, askari haamki. Tena hujifunza kukivumilia kitu kile. Hiyo ni hekima ya Muumba, maana tusingaliweza kula chakula wala kuvuta vumbi bila vita kila siku. Mdudu mwenyewe huwa na vitu mwilini mwake vinavyopiga tarumbeta. Lakini chanjo nyingi zina kipande kimoja tu kilichosafishwa vizuri sana, wala kipande kisafi hakina sauti. Ndiyo maana tangu 1926, Alexander Glenny alipovumbua jambo hili huko Uingereza, watu huchanganya chumvi za alumini ndani ya chanjo ili ziwaamshe walinzi. Weupe mnaouona ndani ya kachupa ka chanjo ya magonjwa matano ni wa chumvi hizo.

Basi shikeni neno hili: chanjo njema huleta vitu viwili pamoja, alama ya adui na sauti ya tarumbeta.

5. Vyombo vidogo mno

Kipande cha adui kikichomwa peke yake, kikiwa kimeyeyuka katika maji, kinapatwa na shida. Hutawanyika na kuharibika upesi. Mpelelezi hukiona kwa shida, maana amezoea kushika vitu vyenye umbo la mdudu. Tena kipande kinaweza kwenda huku na tarumbeta kule.

Kwa hiyo wataalamu walijifunza kutengeneza vyombo vidogo mno vya kubebea alama ya adui. Huviita nanopatikali, kwa kuwa hupimwa kwa nanometa. Gawanya milimeta moja mara 1,000,000. Sehemu moja ndiyo nanometa. Vyombo vingi vya chanjo vina nanometa 20 mpaka 200, ukubwa wa virusi. Chembe nyekundu ya damu, ambayo hatuioni bila mikroskopi, ina upana wa nanometa 7,000 au zaidi. Vyombo hivi vinawasaidia wapelelezi kwa njia nne.

(a) Ukubwa unaofaa. Vyombo vya nanometa chini ya 200 hupita vyenyewe katika mifereji na kufika kwenye tezi upesi, na wapelelezi wanaokaa humo huvimeza. Vyombo vikubwa zaidi hubaki mahali pa shindano, vikingoja wapelelezi wa ngozi wavibebe.

(b) Alama nyingi mahali pamoja. Juu ya chombo kimoja alama ya adui imepangwa mara nyingi kwa utaratibu, kama punje juu ya gunzi la mahindi. Chembe B ikikigusa hushika kwa mikono mingi mara moja, nayo huamka kwa nguvu.

(c) Alama na tarumbeta huweza kusafiri pamoja. Mpelelezi anayemeza alama ndiye anayesikia tarumbeta. Hivyo akifika kwenye mkutano ana kipande mkononi na habari ya hatari kinywani.

(d) Mzigo unalindwa. Chombo kinahifadhi kilichomo mpaka kifike ndani ya chembe. Vyombo vingine hufunguka katika kifuko chenye uchungu na kutoa mzigo wao nje ya kifuko, ndani ya chembe. Hapo alama huweza kuwekwa juu ya kisahani cha namna ya kwanza pia, na askari wauaji huamka pamoja na wasaidizi.

6. Mifano mitatu

Mfano wa kwanza ni chanjo ya ugonjwa wa ini wa namna ya B, iliyomo ndani ya ile chanjo ya magonjwa matano. Tangu 1986 watu wanaitengeneza kwa chachu. Mnajua chachu inavyoumusha mkate. Basi wataalamu wameifundisha chachu kutengeneza ngozi ya nje tu ya virusi. Ngozi hiyo hujikunja yenyewe ikawa vidonge vidogo vya nanometa 22 hivi. Zaidi ya 45,000 vinaweza kupangwa mstari mmoja katika milimeta moja. Ndani hamna virusi, hamna kitu cha kuzaana. Ni vazi la adui bila adui mwenyewe. Watoto wetu walipokea chombo kidogo mno miaka mingi kabla hatujalisikia jina hilo.

Mfano wa pili ni chanjo ya malaria. Mbu anapouma, vijidudu vya malaria hukimbilia ini, na kwa muda wa saa moja hivi vingi vimekwisha kujificha humo. Askari hana nafasi ya kujifunza wakati huo. Mishale inapaswa kuwa tayari katika damu kabla mbu hajauma. Wataalamu walichukua kipande cha vazi la kijidudu hicho wakakiunganisha na kile kidonge cha ugonjwa wa ini. Hivyo kidonge cha zamani kikawa chombo cha kubebea alama mpya. Chanjo ya kwanza ya namna hii, RTS,S, ilikubaliwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021, baada ya kutumika Ghana, Kenya na Malawi tangu 2019. Ya pili, R21, iliyotengenezwa na chuo cha Oxford pamoja na Serum Institute ya India, ilikubaliwa mwaka 2023. Chombo cha R21 kina alama nyingi zaidi za malaria juu yake. Tarumbeta yake nayo ni vyombo vidogo, vya nanometa 40 hivi, vilivyotengenezwa kwa mafuta na kwa povu linalotoka katika ganda la mti wa Chile uitwao mti wa sabuni. Ilijaribiwa kwa watoto karibu 4,800 wa Burkina Faso, Kenya, Mali na Tanzania. Mahali ambapo malaria huja kwa majira, ilipunguza malaria kwa 75 katika 100 kwa muda wa mwaka mmoja. Hapa Kongo ilianza kutolewa mwezi wa kumi 2024 katika jimbo la Kongo Central.

Mfano wa tatu ni baadhi ya chanjo za Covid zilizotoka mwishoni mwa 2020. Chombo chake ni tone dogo la mafuta la nanometa 100 hivi. Ndani yake hamna alama ya adui, bali mna barua fupi ya maagizo iitwayo mRNA. Chembe hupokea barua, husoma, hutengeneza alama yenyewe, na kuionyesha juu ya visahani vyake. Kisha barua huharibika. Katalin Karikó na Drew Weissman, waliotafuta namna ya kuandika barua hiyo isikataliwe na mwili, walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2023.

7. Kwa nini turudi mara nyingi?

Sasa tunaweza kumjibu mama yule. Mara ya kwanza, mpelelezi anapoonyesha alama, askari wanaofaa ni wachache sana. Wanaanza kuzaana. Chembe B katika tezi zinajifunza kufua mishale, na kila juma zile zinazofua vibaya hukataliwa, zinazofua vizuri huchaguliwa. Kazi hii huchukua majuma mengi. Mishale ya kwanza ni michache, nayo hupungua.

Mara ya pili, wapelelezi wanaleta alama ile ile, na askari waliokwisha kujifunza huamka upesi. Mishale inakuwa mingi na mikali zaidi. Mara ya tatu, kumbukumbu inatia mizizi. Katika malaria, ambapo mishale mingi inapaswa kuwa tayari kila saa, kuna dozi ya nne ili kuinua tena kilichopungua. Mtoto aliyechanjwa mara moja ni kama mwanafunzi aliyesoma darasa la kwanza kisha akaacha. Anajua herufi chache, lakini barua hawezi kuisoma.

8. Maneno ya kutia hofu

Watu wengine wakisikia habari ya vyombo vidogo husema kwamba ni mashine za kupeleleza watu. Si kweli. Vidonge hivi ni vya protini na mafuta. Havina macho wala masikio, na mwili huvivunja kama unavyovunja chakula. Wengine husema barua ya mRNA hubadilisha urithi wa mtu. Hiyo nayo si kweli, maana haiingii katika chumba cha ndani cha chembe ambamo urithi wetu umehifadhiwa.

Katika makanisa wengine walisema chanjo ni alama ya mnyama. Someni Ufunuo 13 wenyewe. Habari ile ni ya kumsujudu mwingine mahali pa Mungu. Mama anayemleta mtoto wake achomwe shindano la kifaduro hamsujudu mtu. Anamtunza mtoto ambaye Bwana alimpa.

Lakini tusiwadharau wanaoogopa. Mtu anayeuliza ana haki ya kujibiwa. Nililipa jibu la haraka kwa huzuni ya miaka mingi.

9. Mashauri

Kwa wazazi:
— Homa ndogo au uvimbe mdogo baada ya chanjo ni sauti ya tarumbeta. Mara nyingi huisha kwa siku mbili tatu. Homa ikiwa kali, au mtoto akishikwa na degedege, mlete upesi.
— Msipake dawa za majani wala udongo mahali pa shindano.
— Kadi ya chanjo itunzwe pamoja na Biblia, mahali pasipo maji wala panya. Mkihama, hamieni nayo.
— Mtoto aliyekosa siku yake aletwe hata akichelewa. Haanzi upya, anaendelea alipoachia.
— Chanjo ya malaria haiondoi chandarua. Laleni ndani yake kila usiku.

Kwa wauguzi:
— Chanjo zenye chumvi za alumini zisigande kwa baridi kamwe. Zikiganda, chumvi hushikamana mabonge na chanjo haina nguvu tena, hata ikiyeyuka. Shikeni kati ya digri 2 na 8.
— Kachupa kakiwa na mashaka, fanyeni jaribio la kutikisa mlivyofundishwa, mkilinganisha na kachupa mlichokigandisha kwa kusudi. Kilichoharibika kitupwe bila huruma.
— Mkiulizwa na mama, jibuni, hata watu wakiwa wengi. Jibu la dakika mbili linaweza kumrudisha mtoto.

10. Neno la kukumbuka

Wapelelezi wa Musa walirudi na ushuhuda mkononi, lakini mkutano uliogopa, na vita ikawa imeshindwa kabla ya kuanza. Mungu ametupa wapelelezi waaminifu ndani ya miili yetu, naye amewapa watu akili ya kuwabebea mizigo yao. Kazi iliyobaki ni yetu: kumleta mtoto, na kumleta tena.

Maulizo

1. Wapelelezi wa mwili wanakaa wapi, na wanakwenda wapi wakimshika adui?
2. Kisahani cha namna ya kwanza huamsha askari gani? Na cha namna ya pili?
3. Ni vitu gani viwili vinavyopaswa kuja pamoja katika chanjo njema?
4. Taja njia nne ambazo vyombo vidogo huwasaidia wapelelezi.
5. Kwa nini mishale ya malaria inapaswa kuwa tayari kabla mbu hajauma?
6. Katika kijiji chako, ni mtoto gani hajamaliza chanjo zake? Utamwendea mama yake siku gani, nawe utamwambia nini?